Foleni ya Mitungi

Tulitoka Mukuru usiku ungali na meno,
kila mtu na mtungi wake kichwani,
mwepesi kuliko ulivyopaswa kuwa.
Saa kumi na moja tukaipanga mbele ya ofisi za jiji,
manjano, manjano, mmoja uliong'oka kishikio,
mmoja uliozibwa kwa gunzi la mahindi,
mia tatu na kumi na miwili,
na kila mmoja una jina kwa rangi ya kucha:
Wavinya. Mama Otis. Lokwang wa duka. Kerubo.
Kisha tukaondoka.
Hilo ndilo lilikuwa wazo lote: tukaondoka.

Niseme kweli, nilikuwa na jiwe mfukoni.
Nililiokota kando ya reli,
likalala kiganjani kama yai la bata.
Kaka yangu Barasa alikuwa amenicheka jioni ile:
Hayo ya kudai kwa upole yalizikwa na babu.
Siku hizi wana kamera, wana magari ya maji ya kuwasha
(ona, maji wanayo, ya kutumwagia!)
nanyi mnawapelekea mitungi?
Debe tupu, mdogo wangu, haliachi kuvuma.
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na jiwe.

Kerubo aliliona.
Yeye hufua nguo za watu South B kwa maji ya watu,
jioni hurudi kwake asipate ya kunawa.
Hakunihubiria. Alisema tu:
"Jiwe likitua, wataandika jina lako.
Mtungi ukisimama, wataulizana wao kwa wao."
Akaninunulia chai ya mkopo,
tukaketi ng'ambo ya barabara
tukingoja jiji liamke.

Likaamka. Makarani wakaja na viatu vinavyolia,
wakaipita foleni, wakageuka, wakaisoma.
Muuza magazeti akaacha kuuza, akawa anahesabu.
Bwana mmoja mwenye tai akauliza, "Wenyewe wako wapi?"
Hakujibiwa,
na swali lake likabaki pale,
limepanga foleni na mengine.

Askari wa jiji wakashuka na rungu.
Unampiga nani? Unamkamata nani?
Mmoja akarusha teke.
Du!
Mlio wa tumbo lisilo na kitu,
ukaitikiwa na kuta za ofisi.
Barasa alisema kweli bila kujua.
Wakaanza kuitupa ndani ya lori,
ikadunda, ikabingirika, ikawakimbia,
na watu wakacheka,
kicheko ambacho rungu halijui lipige wapi.
Ikabidi waite lori la pili.

Askari mmoja, kijana, aliinama kusoma
akakaa vile vile, ameinama.
Sijui alisoma jina gani.
Hakuutupa. Aliusimamisha wima,
akapangusa alama ya kiatu
kwa mkono wa shati lake la serikali.

Msidhani nawauzia muujiza.
Maji yalikuja Alhamisi, yakakatika Jumamosi.
Kerubo alilala ndani siku mbili
kwa kosa la kuchafua barabara,
na mtungi wa Wavinya hatukuuona tena,
naye alikuwa bado anaulipia.
Usiku mwingine hasira hunirudia,
nahisi uzito ule kiganjani, na si uongo, ni mtamu.
Jiwe lenyewe ningali nalo.
Limekandamiza kifuniko cha pipa, panya wasiingie.

Ila Jumatatu walikuja watu wa Kayole,
wanawake wanne na mzee mmoja mwenye daftari.
Hawakuuliza kama tulishinda.
Waliuliza ni rangi gani ile ya kucha
isiyofutika kwa mvua.
Kerubo akaingia ndani, akatoka na kichupa.
Nyekundu. Kimebaki nusu.